Mipango ya Kusini ifuate kalenda ya mkorosho

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie namna mipango ya maendeleo inavyoandaliwa katika halmashauri za Mtwara na Lindi. Kila mwaka mabaraza ya madiwani hukaa kupitisha bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Vitabu vya mipango huwa vinene, vina malengo mazuri ya viwanda, ajira na mapato ya ndani. Lakini Julai 1 inapofika, mkorosho umeshaanza kuchipua, ugonjwa wa ubwiriunga umeshaanza kutafuta machipukizi, na uamuzi mkubwa wa msimu ulitakiwa kufanywa miezi minane au tisa nyuma. Uchumi wa mikoa hii miwili unakwenda kwa tarehe za mti huo, kwa hiyo mpango usiotaja tarehe hizo hauwezi kutekelezeka hata ukiwa na fedha.

Tuanze na salfa, kwa sababu hapo ndipo msimu unapopatikana au kupotea. Ubwiriunga ni ukungu mweupe unaoshambulia majani machanga, maua na matunda madogo. Ua likishashikwa hugeuka rangi ya kahawia, likakauka na kudondoka, na hakuna dawa ya kulirudisha. Kwa hiyo salfa ya unga hupulizwa kuzuia, haiponyi. Kipimo kinachojulikana kwa mti mkubwa ni gramu 250 kwa mzunguko mmoja, kila baada ya siku 14, mizunguko minne hadi mitano, kuanzia machipukizi mapya yanapotokea. Kazi hufanyika alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani na upepo umetulia. Anayepulizia saa nne asubuhi anaulisha upepo. Anayeanza wakati nusu ya maua yameshakauka anatupa salfa, mafuta ya mashine na ujira wa kibarua.

Sasa tupige hesabu ambayo ni nadra kuikuta ndani ya kitabu cha mpango. Kwa nafasi inayoshauriwa ya mita 12 kwa 12, ekari moja inabeba miti kama 28. Gramu 250 mara miti 28 mara mizunguko mitano ni kilo 35 kwa ekari. Halmashauri yenye mikorosho milioni moja inayozaa inahitaji tani 1,250, yaani mifuko 50,000 ya kilo 25, sawa na malori zaidi ya 40 ya tani 30. Mzigo huo hauji kwa siku moja, na sehemu yake kubwa inakuja kwa meli kutoka nje.

Ukirudi nyuma kutoka shambani utaona ugumu ulipo. Salfa inatakiwa iwe kijijini mwanzoni mwa Mei. Ili ifike kijijini Mei, iwe kwenye ghala la wilaya mwanzoni mwa Aprili, maana Aprili mvua bado zipo na barabara nyingi za udongo hazipitiki kwa lori zito. Ukisubiri zikauke ndipo uanze kusafirisha, Juni inaingia. Ili iwe wilayani Aprili, meli iwe imeshusha Februari au Machi. Ili meli ishushe Februari, mkataba uwe umesainiwa kufikia Novemba. Na ili mkataba usainiwe Novemba, idadi ya miti ya kila kijiji iwe imeshakusanywa na kuhakikiwa Septemba. Hiyo ni Septemba ya mwaka wa fedha unaotangulia ule ambao korosho yake itavunwa. Bajeti inayotenga fedha za pembejeo "robo ya kwanza, Julai hadi Septemba" inagharamia dawa itakayofika wakati maua yameshaungua. Kila mwaka panapotokea malalamiko ya pembejeo kuchelewa watu humlaumu wakala au dereva, ilhali mara nyingi kosa liko kwenye safu ya tarehe ya kitabu cha mpango.

Takwimu za miti nazo zinahitaji kauli yetu. Mkulima akiulizwa ana mikorosho mingapi wakati wa kugawa pembejeo za ruzuku, ana sababu ya kutaja mingi; akiulizwa wakati wa michango, ana sababu ya kutaja michache. Daftari la kijiji lijazwe kwa kuhesabu miti shambani, likitenganisha miti inayozaa, michanga na mizee iliyoachwa porini. Bila mgawanyo huo, salfa ya miti iliyokufa itaishia kuuzwa magengeni huku shamba linalozaa likipata mizunguko miwili tu.

Kuna viuatilifu vya maji vinavyotumika badala ya salfa. Faida yake ni kwamba hupulizwa kila wiki tatu na mzigo wake ni mdogo kusafirisha. Ugumu wake ni maji yenyewe: lita moja hivi kwa mti, sawa na lita 28 au zaidi kwa ekari kwa mzunguko. Kwa mkulima wa bondeni si tatizo. Kwa mkulima wa Newala au Tandahimba, juu ya uwanda wa Makonde, ambako maji husukumwa kutoka bondeni na ndoo hununuliwa, gharama ya maji inaweza kumrudisha kwenye salfa. Mpango wa wilaya useme vijiji vipi vitapewa dawa gani, na sababu iwe maji yaliyopo. Jambo lingine ambalo watafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamelionya kwa miaka mingi ni kwamba salfa inayodondoka chini huongeza tindikali ya udongo, na udongo wa kichanga wa uwanda huo una uwezo mdogo wa kuihimili. Kilimo cha mihogo na njugu chini ya mikorosho kinaathirika pole pole. Kupima udongo wa kila kata na kutenga chokaa ya kilimo ni kifungu kidogo cha fedha ambacho hakistahili kukatwa kila bajeti inapobana.

Uvunaji unaanza Oktoba na kwenda hadi Januari, kutegemea eneo. Hapa sifa kubwa ya kusini katika soko la dunia ni tarehe. India na Vietnam, ambazo ndizo zinazonunua korosho ghafi yetu kwa wingi, huvuna kuanzia Februari, na Afrika Magharibi kadhalika. Sisi na jirani zetu wa Msumbiji tunavuna wakati maghala ya viwanda vyao yanaelekea kuisha. Korosho inayouzwa mnadani Oktoba na Novemba inakutana na mnunuzi mwenye njaa. Inayochelewa hadi Februari inakutana na mnunuzi anayetazama mavuno mapya ya Ivory Coast. Kila wiki inayopotea kwa ukosefu wa magunia, kwa mgogoro wa uongozi wa chama cha msingi cha ushirika au kwa ghala lililojaa, inapunguza bei ya mkulima bila yeye kufanya kosa lolote.

Mvua za kwanza nazo huanguka Novemba na Desemba, wakati korosho nyingi bado iko chini ya miti. Korosho iliyolala kwenye unyevu hupata madoa kwenye kiini, na mnadani inashuka daraja. Wakulima waokote angalau mara moja kwa wiki, watenganishe na bibo, yaani tunda laini linaloshikana na korosho, siku hiyo hiyo, waanike juani siku mbili au tatu kwenye turubai au sakafu ngumu huku wakigeuza, mpaka ukiitikisa isikike ikicheza ndani ya ganda na ukucha usiweze kuibonyeza. Ghalani kipimo cha unyevu kisizidi asilimia 10. Gunia liwe la katani au juti; mfuko wa nailoni hauruhusu hewa na korosho huvunda kwa ndani. Chama cha msingi kinachopokea korosho ya asilimia 12 ili kumridhisha mwanachama kinawaumiza wote, kwa sababu mnunuzi hupima shehena nzima na bei ya chini hugawanywa kwa kila mtu.

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hupeleka korosho ghalani, hupewa stakabadhi na mzigo huuzwa kwa mnada, ulianza kutumika kwenye korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08, ukaja kumwondoa mkulima mikononi mwa kangomba, yaani mlanguzi anayenunua korosho kwa bei ya chini nje ya mfumo, mara nyingi kabla ya mavuno. Tunaunga mkono mfumo huo. Lakini kangomba hafi kwa doria peke yake. Anaishi kwa sababu kati ya Mei na Septemba mkulima anahitaji fedha za kupalilia, kufyeka na kupulizia, na ada za shule zinamsubiri, naye mnada uko Oktoba. Fedha ya kuziba pengo hilo ipo ndani ya mkoa: ni ufuta, unaovunwa na kuuzwa kuanzia Mei na Juni, na mbaazi zinazofuata Agosti na Septemba. Ekari mbili za ufuta kwa kaya yenye ekari tano za mikorosho zinalipa vibarua wa kupulizia bila korosho kuuzwa ikiwa bado maua. Ofisa mipango anayeweka ufuta kwenye sura ya "mazao mengine" ameshindwa kuona kwamba ndiyo benki ya msimu wa korosho. Mbaazi ziwekwe kwa tahadhari: India ilipoweka masharti ya kuingiza mbaazi mwaka 2017, bei ilianguka ndani ya msimu mmoja na wakulima wengi wakabaki na magunia nyumbani. Hilo ni funzo la kutotegemea mnunuzi mmoja.

Mazao haya matatu yanatumia maghala yale yale kwa zamu. Kwa hiyo ghala likaguliwe na kukarabatiwa Aprili, kabla ya ufuta, na lisafishwe tena mwishoni mwa Septemba. Mbaazi zikichelewa kutoka ghalani Oktoba ikiingia, korosho hukaa nje chini ya maturubai, na mvua ya kwanza inaikuta hapo.

Sasa viwanda, ambavyo ndivyo vinavyopendwa zaidi kwenye hotuba. Kusini ina historia mbili ambazo kila anayeandika mpango angepaswa kuzijua. Ya kwanza ni mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951, ukiwa na mashamba Nachingwea, Kongwa na Urambo. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikupatikana. Bandari imebaki na inatufaa mpaka leo. Reli iling'olewa miaka ya mwanzo ya 60.

Ya pili ni viwanda 12 vya kubangua korosho vilivyojengwa kwa mikopo kuanzia miaka ya 70, vikiwemo vya Mtwara, Lindi, Masasi, Newala, Nachingwea na Tunduru, kwa mitambo ya Kijapani na Kiitaliano. Mwaka vilipopangwa, uzalishaji ulikuwa unapanda. Msimu wa 1973/74 ulifikia tani kama 145,000. Kisha wakulima wakahamishiwa vijiji vya ujamaa, mbali na miti yao, bei ikawa ndogo, ubwiriunga ukaenea, na msimu wa 1986/87 nchi nzima haikufikisha tani 20,000. Mitambo ikakosa kitu cha kubangua. Baadaye majengo mengi yaliuzwa, na baadhi yakawa maghala ya korosho ghafi inayosafirishwa nje.

Leo hali ya uzalishaji ni tofauti. Msimu wa 2017/18 ulivuka tani 300,000, ukashuka miaka iliyofuata, na msimu wa 2024/25 serikali ilitangaza zaidi ya tani 500,000. Mali ghafi ipo. Kinachoua kiwanda sasa ni fedha ya kununulia, na hapo tena kalenda inatawala. Tuchukue mfano wa kiwanda cha tani 5,000 kwa mwaka na bei ya Sh3,000 kwa kilo. Msimu ni wa miezi mitatu, kazi ni ya miezi 12. Mwenye kiwanda anatakiwa awe na Sh bilioni 15 kufikia Desemba, anunue korosho yote ya mwaka, kisha aibangue kidogo kidogo. Kwa wastani nusu ya fedha hiyo inakaa ghalani mwaka mzima. Riba ikiwa asilimia 12, ni Sh milioni 900. Tani 5,000 za ghafi hutoa takriban tani 1,100 za korosho iliyobanguliwa, maana katika kila kilo 100 hupata kama kilo 22 safi. Gawanya, utaona riba peke yake imeongeza zaidi ya Sh800 kwa kila kilo, kabla ya mshahara, umeme wala katoni. Ushuru wa kusafirisha ghafi, ambao kwa miaka mingi umekuwa asilimia 15 ya thamani ya bandarini au dola 160 kwa tani, unamsaidia mbanguaji wa ndani, lakini sehemu kubwa ya nafuu hiyo humezwa na riba.

Kwa hiyo mkoa unaotaka viwanda uandike kwenye mpango wake: nani atatoa mtaji wa msimu, kwa riba gani, na fedha itaingia tarehe ngapi. Mkopo ukiidhinishwa Januari haumsaidii mtu. Wabanguaji wa ndani watengewe tani zinazojulikana na tarehe inayojulikana ya kununua kabla ya wanaosafirisha ghafi nje, kwa bei isiyompunja mkulima. Na ghala lijengwe kwanza. Tani moja ya magunia inachukua nafasi ya takriban mita 2 za ujazo. Tani 5,000 zikipangwa kwa kimo cha mita 4, pamoja na njia za kupita na kukagua, zinahitaji sakafu ya mita za mraba 3,500 hivi, juu ya chaga, paa lisilovuja. Tumeona michoro ya viwanda yenye ukumbi mzuri wa mashine na ghala la kutosha wiki sita.

Kazi yenyewe ya kubangua ina hatua ambazo kila moja inaweza kula faida. Korosho huchambuliwa kwa ukubwa, hupikwa kwa mvuke, hupozwa usiku kucha, hukatwa, kiini hukaushwa kwenye tanuri ili ngozi ya ndani ilegee, humenywa, hupangwa madaraja na kufungwa kwenye mifuko isiyo na hewa, kwa kawaida kilo 22.68 kwa katoni. Usipochambua vizuri, kisu kilichowekewa korosho kubwa kinapasua ndogo, na kiini kilichovunjika kinauzwa kwa bei ndogo kuliko kizima. Mvuke ukizidi, kiini kinabadilika rangi. Kikikaushwa kupita kiasi kinavunjika wakati wa kumenya. Kisipokauka, ngozi haitoki. Mafunzo ya wakataji na wamenyaji yanachukua miezi kabla ya mtu kufikia kasi nzuri, na wengi wao ni akina mama. Mafuta ya ganda yanaunguza vidole mpaka ngozi ibanduke. Glavu na mafuta ya nyonyo ya kupaka mikono viwe kwenye bajeti, maana mfanyakazi mwenye vidonda haji kesho, na aliyefundishwa akiondoka unaanza upya.

Halafu maji. Boila inahitaji maji safi kila siku, na maji yenye chumvi nyingi huijaza magamba ndani. Maganda ya korosho yanatosha kuiwasha, hivyo kuni si hoja. Maji ndiyo hoja. Kabla ya kuchagua eneo juu ya uwanda wa Makonde, pima kwanza kinachofika huko kutoka chanzo cha maji cha Mitema, bondeni, kwenye miezi ya Septemba na Oktoba, wakati wa ukame, na uone kama kiwanda hakitanyang'anya vijiji maji ya kunywa. Pengine busara ni kukata na kumenya karibu na vijiji, na kupika kwa mvuke sehemu yenye maji. Usafirishaji wa katoni uelekezwe bandari ya Mtwara kwa kuagiza makontena matupu mapema. Mei 2024 barabara ya Dar es Salaam ilipokatika eneo la Somanga, kusini nzima ilikwama. Hilo liwe ndani ya mpango kama hatari inayojulikana.

Mwisho ni mapato ya halmashauri. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3. Kwa bei ya Sh3,000 ni Sh90 kwa kilo. Kwa bei ya Sh1,800 ni Sh54. Halmashauri inayokisia mapato kwa bei ya mwaka mzuri itasimamisha zahanati kwenye lenta mwaka mbaya ukija. Ikisie kwa bei ya chini kabisa ya misimu mitano iliyopita, na ziada iende kwenye akaunti ya pembejeo za msimu unaofuata, kwa sababu ziada hiyo huingia kati ya Oktoba na Januari, wakati hasa mkataba wa salfa unapotakiwa kulipiwa. Msimu wa 2018/19, serikali iliponunua korosho kwa Sh3,300 kwa kilo na malipo kuchelewa hadi 2019 kwa sababu ya uhakiki, wakulima wengi waliingia msimu mpya bila fedha ya kupulizia. Akaunti ya namna hiyo ingewabeba.

Ombi letu kwa madiwani ni karatasi moja iwekwe mwanzoni mwa kitabu cha mpango na kubandikwa kwenye ofisi ya kila kijiji: tarehe ya kuhesabu miti, tarehe ya mkataba, tarehe ya salfa kufika wilayani na kijijini, tarehe ya ukaguzi wa maghala, tarehe ya magunia, tarehe ya mnada wa kwanza, na cheo cha mtu anayewajibika kwa kila moja. Iseme pia, ikiwa Mei 15 imefika na salfa haijafika, nani atatoa idhini ya kununua kutoka ghala la jirani, na vijiji vipi, kati ya vile ambavyo miti yake imetangulia kuchipua, vitapewa mzunguko wa kwanza.

Wadau wa kilimo na mipango,
Masasi, Mtwara